Gobore Alilolikataa Ereng

Kakuma, Jumatatu, 8 Septemba 1997

Hapa sina jirani wa kuzungumza naye, na mume wangu Ereng ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo nitaandika. Tumehamia Kakuma mpaka watu wa sinema wamalize kazi yao. Wametupatia hema karibu na Tarach, mto ambao kwa sasa ni mchanga mtupu. Mimi nimeletwa kushona kanzu za watu wa msafara. Mume wangu ameletwa kwa ajili ya bunduki.

Sinema yenyewe ni ya msafara wa pembe za ndovu wa zamani za babu zetu. Watu wa msafara watabeba magobore ya gumegume, yale yanayowashwa kwa cheche za jiwe na kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Si ya kale. Yametengenezwa juzi tu huko ng'ambo kwa kuiga yale ya kale, lakini yanalipuka na kutoa moshi kama yenyewe. Mzungu aliyekuja nayo alishikwa na malaria akarudishwa Nairobi. Ndipo meneja wao, Kiplagat, akaulizia Lodwar, akaambiwa kuna sajenti mstaafu wa polisi aliyetunza ghala la silaha nusu ya maisha yake.

Ejore naye amepata kazi. Ni mdogo wangu wa mwisho. Nilimlea mwenyewe baada ya mama kufa, akakulia nyumbani kwa Ereng. Mbuzi wake wote wamekwisha kwa ukame huu, akaja Kakuma kwa miguu, midomo imepasuka. Kiplagat alimtazama urefu wake, akamwambia, "Wewe utakuwa askari wa msafara." Kila askari ameandikiwa gobore lake na kupigwa picha nalo. Ejore alilishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

Jumanne, 9 Septemba

Joto. Nimekata kanzu tangu asubuhi. Vumbi linaingia mpaka kwenye mafuta ya cherehani.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo Ereng ameanza kupima. Macho yake si yale ya zamani, akaniomba nimshikie tochi. Miaka yote niliyoolewa naye sijawahi kumwona kazini. Nimemwona leo, na nilijisikia fahari.

Kwanza anaingiza ufito kwenye mtutu mpaka ugote, anaweka kidole, anautoa na kuulaza kwa nje, aone kama kina cha ndani kinalingana na urefu wa nje. "Nataka kujua kama kuna mtu ameacha baruti humu," akaniambia. Halafu anavuta nyundo inayoshika jiwe, anaisimamisha nusu, kisha anainua gobore zima kwa kifyatulio peke yake. Nyundo ikianguka, gobore hilo linawekwa kando kutengenezwa. Halafu anapitisha tupa kwenye kile kibamba kinachogongwa na jiwe. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu, kitatoa cheche. Ikiuma, chuma ni laini, kitamwaibisha mtu mbele ya kamera.

Mwisho anautoa mtutu kwenye ubao wake na kuukagua wote, hasa pale nyuma ambapo umezibwa kwa kizibo cha skrubu. Hapo ndipo baruti inalala. Hapo ndipo shavu la mtu linapokaa.

Hachoki wala hana haraka.

Ijumaa, 12 Septemba

Mengi yamepita. Machache yametengenezwa yakapita. Yaliyopita ameyafunga moja moja kwenye gurudumu bovu la lori huko kwenye korongo, akayatia baruti mara mbili ya kipimo cha sinema, akavuta kifyatulio kwa kamba akiwa amelala nyuma ya tuta la mchanga. Watoto wa kambi ya wakimbizi walikuwa wanapiga makofi kila mlio.

Limebaki moja aliloliweka juu ya sanduku, peke yake. Nimeuliza lina nini. Akasema, "Kesho, mwanga ukiwa mzuri."

Jumamosi, 13 Septemba

Ni gobore la Ejore.

Ereng aliniita asubuhi jua likiwa limeinuka kidogo. Akaushika mtutu mtupu karibu na macho yangu akaugeuza taratibu. "Wewe ni fundi wa nguo. Niambie unaona nini."

Mwanzoni sikuona kitu. Halafu nikaona, pale nyuma karibu na kitundu cha moto, kile cheche inapoingilia kuwasha baruti, mstari mwembamba kama uzi, unakuja kutoka kwenye kizibo, unapotea.

"Mshono," nikasema.

"Mshono haufai kuwa hapo. Hiki chuma kilipaswa kuwa kizima. Na kizibo kinashika hesi chache tu, ile mizunguko ya skrubu, nimeihesabu kwa ukucha."

"Si ukijaribu kwa kamba kama yale mengine?"

"Hili sitalijaribu. Likilia vizuri leo, watasema limepita, watampa mtu. Kulia leo si kulia kesho."

Kiplagat alikuja, akaliangalia, akapitisha kidole juu ya ule mstari. Ni kijana wa suruali safi, anatembea haraka kila wakati. "Mzee, hii ni mkwaruzo tu. Zote zimetoka kiwanda kimoja, zina cheti."

"Hata mimi nashangaa," Ereng akamwambia. "Wenzake wazuri. Hili hapana."

"Sasa mwenye hii bunduki nimpeleke wapi? Dairekta anataka kila askari apige. Wapagazi wamejaa. Asiyepiga anaenda nyumbani, sina nafasi ya mtu wa kutembea bure."

Hapo ndipo Ereng alipogundua mwenye gobore ni nani. Namba ya Ejore ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye kitako, na alikuwa hajaitazama. Nilimwona akiisoma. Akalirudisha gobore juu ya sanduku, akasema, "Basi aende nyumbani."

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nilikaa na Ereng kwenye hema nikamsihi.

Nilimwambia Ejore hana mbuzi hata mmoja. Nyumbani anakoambiwa aende hakuna nyumba. Nilimwambia yule kijana alikulia mikononi mwake, alimfundisha kuendesha baiskeli ya polisi. Akasikiliza yote.

"Mtilie baruti nusu," nikasema. "Ni moshi tu wanataka. Hakuna risasi ndani."

"Mama Ekuru, hata bila risasi mtutu unaweza kupasuka. Na ukimpa nusu, siku ya vita ya sinema wenzake watakuwa wanapiga kwa kishindo, yeye ataona aibu. Atajaza."

"Mkataze."

"Wewe umewahi kumkataza Ejore kitu?"

Hasira ikanipanda kwa sababu alisema kweli. Nikamwambia, "Unaogopa kazi yako isichafuke." Alichukua kiko chake akatoka kwenda kukaa mchangani.

Jumatatu, 15 Septemba

Amekuja Madut, mkimbizi kutoka Sudan, mwalimu katika shule ya kambi, kiongozi wa wenzake kwenye msafara. Tangu jana nilikuwa namchukia moyoni kwa sababu yeye ana gobore zima. Amesimama mlangoni pa hema, kichwa kimeinama, maana ni mrefu kupita mlango.

"Mama, mimi nasikia habari ya ndugu yako. Mimi na yeye tunaweza kugawa. Leo mimi, kesho yeye. Bunduki moja, watu wawili."

Tulikwenda pamoja kwa Kiplagat. Akakataa. Alisema sura ya Madut imeshapigwa kwenye kamera akiwa amesimama kando ya mkuu wa msafara. Kesho yake haiwezi kuonekana sura nyingine mahali pale pale. Alisema hivyo kwa upole, lakini alisema huku akiangalia saa.

"Maleesh, mama," Madut akaniambia tulipokuwa tunarudi. Ni neno lao la pole. Nilishindwa hata kumwambia asante.

Jumatano, 17 Septemba

Ejore mwenyewe hana neno. Ameniletea kuni. Amecheka na wapishi. Nilimuuliza kama amemkasirikia shemeji yake, akasema, "Ah, dada. Shemeji anajua chuma. Mimi najua mbuzi, na hawapo."

Ijumaa, 19 Septemba

Amepata kazi. Kuna dereva anaitwa Losike, anapeleka lori Kitale kuchukua mahindi na kuyaleta Lodwar na Kakuma. Utingo wake ameacha. Ejore atapanda juu ya magunia, atafunga turubai, atasukuma gari likikwama.

Ereng alipoambiwa aliuliza, "Njia ya Kainuk?"

"Kuna nyingine?" Ejore akamjibu, akatabasamu.

Sote tunaijua njia hiyo. Kuna sehemu magari yanangojana ili yaende pamoja na askari, kwa kuogopa majambazi. Lakini magari yanapita kila siku, na watu wanafika.

Kabla hajaondoka Ereng alimpa mkono akaushika muda mrefu. "Usikae juu kabisa mkipita kwenye mawe. Lala."

"Ndiyo, shemeji."

Nilimfungia chapati ndani ya kipande cha kanzu kilichobaki. Hakuna kingine nilichompa.

Jumatano, 24 Septemba

Wameanza kupiga picha. Moshi mwingi. Ereng anasimama nyuma ya kamera, anawapimia askari baruti yeye mwenyewe, mmoja mmoja. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Watu wanamsifu. Mimi sisemi naye isipokuwa kumwita kula.

Jumapili, 28 Septemba

Ejore amepita na lori. Ananenepa. Ameniletea kabichi kutoka Kitale, kubwa, na majani bado yana umande, au nilifikiri ni umande. Amesema huko kunanyesha mpaka unachukia mvua.

Ijumaa, 3 Oktoba

Hakuna mvua. Punda wa sinema mmoja amekufa. Dairekta amekasirika kama vile sisi ndio tuliomuua.

Jumanne, 7 Oktoba

Ejore amepita tena, hakushuka. Alipunga mkono kutoka juu ya turubai. Nilimwona kwa muda mfupi tu, maana lori lilikuwa limechelewa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano. Nikaona Losike anakuja kwa miguu kutoka barabarani, shati lake limekaukiwa na kitu cheusi. Nikafikiri ni oili. Alisimama mbali kidogo, hakunisalimu. Watu wa kwetu hata kama kuna nini huanza kwa "ejok". Hakusema ejok. Hapo nikajua.

Ereng alikuwa anasafisha mitutu kwa maji ya moto. Losike akaenda kwake kwanza, kama inavyopasa, akazungumza naye kwa sauti ya chini. Nikasema, "Sema huku. Ni wangu."

Akasema. Walikuwa wanarudi kutoka Kitale na mahindi. Walipofika karibu na Kainuk lori la mbele liliharibika, na wao wakasimama kulingojea. Watu wakapiga risasi kutoka kwenye mawe ya juu. Losike hakuwaona nyuso, hajui ni nani. Waliokuwa chini walijitupa mtaroni. Ejore alikuwa juu ya magunia, amelala, lakini aliinuka kufungua kamba ya turubai ili mama mmoja aliyekuwa amepanda na mtoto ashuke. Mama yule alishuka. Mtoto pia.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Tulimzika hapo hapo Kainuk, mama. Jua lilikuwa kali, na askari walisema tusikae. Padri alikuja akasoma. Niliweka mawe mimi mwenyewe."

Nilikaa chini. Sikulia wakati huo. Nilisikia sauti ya Ereng ikiuliza, "Zilikuwa bunduki gani?"

Losike akamtazama, hakuelewa. "Hizi za siku hizi, mzee. Zinapiga mfululizo."

"Risasi ilimpata wapi?"

Nikainuka. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia, mtu anaambiwa kijana wake amekufa, naye anauliza aina ya bunduki. Nilimwambia yeye ndiye aliyempeleka kule, kwa sababu ya mstari wa upana wa uzi. Kwamba kama angenyamaza tu siku ile, Ejore angekuwa hapa leo anapiga moshi na kula wali wa wazungu. Watu wote walikuwa wanasikia. Nikamwambia, "Nitakapokwenda kwenye kaburi lake, wewe usije. Usikanyage pale."

Alikuwa bado ameshika mtutu, maji yanamtiririkia miguuni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimelala kwa Abuk, mke wa Madut, ndani ya kambi. Hakuniuliza kitu. Alinitengenezea mahali, akakaa pembeni yangu anasuka mkeka. Asubuhi aliniambia ana kaka wawili hajui walipozikwa, wala kama walizikwa. Hakusema ili anyamazishe kilio changu. Alisema tu, kisha akanipa uji.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua imeanza.

Jumatano, 22 Oktoba

Bado inanyesha. Tarach imeshuka na maji mekundu, imebeba mahema mawili ya sinema. Wanasema barabara ya kusini imekatika mahali pengi, hakuna gari linalofika Kainuk. Ninakaa nikifikiria yale mawe aliyoyaweka Losike, kama yalikuwa mazito ya kutosha.

Jumapili, 26 Oktoba

Kiplagat amekuja kambini kunitafuta. Viatu vyake vimejaa matope na suruali imeloa hadi magotini. Alikaa kwenye kiti cha Abuk, akazungusha kofia mikononi.

"Mama, ningeweza kumweka upagazi," akasema. "Nafasi ilikuwa imejaa, ndiyo, lakini ningebana. Sikutaka kubishana na dairekta. Nilikuwa na haraka."

Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia siku nitakayomwona. Nilipomtazama nikaona ni kijana tu, umri wa Ejore, na amelala vibaya. Nikamwambia, "Nimesikia." Sikuweza zaidi ya hapo. Akaomba akipata gari na barabara ikifunguka, anipeleke Kainuk. Nikakubali.

Jumamosi, 1 Novemba

Sinema imevunjika. Hakuna jangwa tena la kupiga picha. Nchi yote ni majani na mbu.

Nimerudi kwenye hema kuchukua cherehani. Ereng alikuwa ameifunika kwa turubai lake mwenyewe, yeye na nguo zake wameloa. Amekonda. Nikamwachia uji. Nikarudi kwa Abuk.

Alhamisi, 6 Novemba

Barabara bado. Mbu. Abuk ana homa.

Jumatano, 12 Novemba

Leo limetokea jambo ninalotaka kuliandika vizuri.

Magobore mazima yamerudishwa Nairobi kwa ndege. Lile moja lililokataliwa, wenyewe walisema likatwe vipande mbele ya polisi, lisije likaangukia mikononi mwa mtu. Afisa alikuja asubuhi na msumeno wa chuma ulikuwa tayari. Mimi nilikuwa nimesimama na Madut na Kiplagat.

Nikasema, "Kabla halijakatwa, nataka lipigwe."

Wote wakanigeukia. Ereng alikuwa amechuchumaa kando ya sanduku.

"Nataka kujua," nikasema. "Nina haki ya kujua."

Afisa akamwangalia Ereng. Ereng akaniangalia mimi, mara ya kwanza tangu siku ile. Akasema, "Una haki."

Tulikwenda kwenye lile korongo, sehemu ya juu ambayo maji hayakufika. Akalifunga kwenye gurudumu. Madut akamsaidia kukaza kamba. Kiplagat akauliza kama atie baruti mara mbili kama kwa yale mengine. Ereng akasema hapana. "Kipimo cha sinema. Kile ambacho angetia yeye."

Tukalala nyuma ya tuta. Nilikuwa bega kwa bega na mume wangu. Kwa kweli sikujua ninaomba nini. Nusu yangu ilitaka lipasuke, ili niweze kurudi nyumbani na mwanamume huyu. Nusu nyingine ilitaka lilie salama, ili nimchukie mpaka nife, maana kuchukia kulikuwa kunanisaidia kuamka asubuhi.

Akavuta. Likalia vizuri. Moshi mweupe, kishindo, mwangwi kwenye kingo za korongo. Gobore zima.

Ereng akainuka, akaenda, akafuta, akashindilia tena. Likalia tena vizuri. Akashindilia tena. Likalia. Kila mara alikuwa anarudi kulala karibu nami, pumzi zake zinasikika kama za mtu aliyepanda mlima. Kiplagat alikuwa ameanza kulia kimya kimya. Madut alikuwa anatazama chini.

Ereng alipoinuka tena nikamshika mkono wa shati. Nikasema, "Inatosha."

"Haijatosha," akasema. "Wewe ndiye ulitaka kujua. Haijatosha."

"Baba Ekuru, inatosha."

Akakaa palepale mchangani. Nilimwona mzee. Nilikuwa nimeolewa na sajenti, na pale alikaa mzee ambaye amekosea, au haelewi kama amekosea, na hakuna mkubwa wa kumuuliza.

Afisa akasema lazima likatwe hata hivyo. Madut ndiye aliyeshika msumeno. Alikata pale nyuma, karibu na kitundu cha moto, kwa sababu afisa alitaka hapo hasa pasifae tena. Ilichukua muda. Kile kipande kilipoanguka, Madut alikiokota, akakipuliza, akakigeuza kwenye jua. Akaniletea mimi, si Ereng.

Ule mstari niliouona kwa nje ulikuwa umeingia ndani. Ulipita karibu unene wote wa chuma, umebakiza ganda jembamba kama la yai. Na wote ulikuwa mweusi. Moshi wa baruti ulikuwa umeshaingia humo, unatafuta njia ya kutokea shavuni kwa mtu.

Nikampelekea Ereng. Akakishika muda mrefu, akakizungusha kwa dole gumba.

"Lingeweza kupiga tena mara nyingi," akasema. "Lingeweza kupasuka mlio wa kwanza siku ile. Sikujua, Nawoi. Nilikuwa sijui. Niliogopa tu."

Ni mara chache ananiita kwa jina langu.

"Kwa nini ulimuuliza Losike habari ya bunduki?" nikauliza.

"Nilitaka kujua kama aliteseka. Ziko bunduki ambazo mtu hateseki. Sikujua namna nyingine ya kuuliza."

Nikakaa karibu naye. Wengine walikuwa wameanza kurudi kuelekea kambini, hata afisa, na vile vipande ndani ya gunia. Maji yalikuwa yanasikika chini ya korongo.

"Angefia hapa," akasema, "angefia mbele yako, na uso wake umeharibika. Ungeniambia nini?"

Nilifikiri kabla ya kujibu. Nilitaka kumjibu kweli.

"Ningekuchukia hivi hivi," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali. Naye akalia, kwa sauti, kama anavyolia mwanamume asiyejua jinsi ya kulia, na mimi nilikuwa sijamlilia Ejore kwa sauti hadi saa ile.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimehamisha vitu vyangu kutoka kwa Abuk. Homa imempungua. Nimemwachia kitambaa chote cha kanzu kilichobaki, atawashonea watoto.

Jumatatu, 24 Novemba. Lodwar

Barabara ilifunguka juzi. Kiplagat alitimiza neno lake, akapata gari, akaliendesha mwenyewe. Tulilala Lodwar, na jana alfajiri tukaondoka na msafara wa magari na askari. Ereng alikaa kiti cha nyuma. Hakuuliza kama aje, na mimi sikumwambia abaki.

Sikuwahi kuiona njia ya kusini ikiwa ya kijani hivi. Mbuzi wa watu wamesimama kwenye majani mpaka tumboni. Nilifikiri, kama angevumilia kidogo tu, kuna mtu angemkopesha wawili watatu akaanza upya. Halafu nikajikataza kufikiri hivyo, kwa sababu hakuna mwisho wake.

Kainuk ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Losike alikuwa anatungoja kwenye kizuizi cha barabarani, akatuonyesha mahali. Mawe yalikuwa yamekaa. Mto haukufika. Mtu amechomeka msalaba wa fito mbili, na kwenye mawe palikuwa na kibuyu kidogo cha maziwa, yameshaganda. Losike akasema ni yule mama wa kwenye lori. Hukaa karibu, hupita kila akienda kukamua.

Nilishuka. Kiplagat alishuka akasimama mbali, kofia mkononi. Nilichuchumaa, nikaweka tumbaku juu ya mawe kama tunavyofanya kwetu, nikamwambia Ejore yale niliyotaka kumwambia. Ni yangu na yeye.

Nilipogeuka, Ereng alikuwa bado ndani ya gari. Mlango aliufungua, mguu mmoja ulikuwa nje, lakini haukugusa chini. Alikuwa anaangalia ardhi kama mtu aliyefika kwenye ukingo wa maji. Ndipo nilipokumbuka niliyomwambia mbele ya watu wote siku ile.

Nilirudi mpaka kwenye gari. Sikuwa na maneno mazuri, wala sikuyatafuta. Nilimshika kiwiko.

"Shuka," nikamwambia. "Amekungoja muda mrefu."

Akakanyaga.